Bibi Lamara Dolidze, Aliyetaka Kimya Akapewa Kaka

Ndugu waombolezaji, Baba Padri, majirani wa Khoni mliokuja na viti vyenu, wanamuziki mliotoka Tbilisi na viatu ambavyo matope ya Februari yameshavimaliza, na wewe Babu Bidzina uliyekaa hapo mbele umeinamisha kichwa, familia ya Dolidze imempa kazi hii ya kusoma mjukuu wenu Gocha, si kwa sababu ya elimu, maana shule na mimi tuliachana mapema na hakuna aliyelia, bali kwa sababu katika ukoo huu sauti kubwa ilianzia kwa babu, ikamruka baba yangu, ikatua kwangu, na kipaza sauti kilichokodiwa hakijawaka tangu asubuhi, kwa hiyo mliokaa nyuma kabisa karibu na zizi msihangaike, mtasikia, na nguruwe watasikia.

Marehemu Lamara Dolidze alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Khoni, katika nyumba hii iliyo nyuma yangu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Melitoni, mfinyanzi wa mitungi ya mvinyo, na marehemu Pelagia, mfugaji wa viwavi wa hariri, akimfuata kaka yake Bidzina aliyetangulia mwaka 1938, na wazee walitusimulia kwamba Lamara alitoka kimya, hata mkunga akaogopa, akamgeuza, akamchapa kofi la matakoni, mtoto hakulia, mpaka Bidzina, mwenye miaka mitatu na aliyefungiwa nje kwa utundu, alipopiga ukelele mlangoni wa kutaka mama yake, ndipo kichanga kikashtuka na kuangua kilio, kwa hiyo mambo ya wawili hawa yalipangwa siku ile ile ya kwanza, mmoja akitaka kimya, mwenzake akimvurugia.

Mwaka 1947 baba yao alimtoa ng'ombe wa maziwa kwa familia moja iliyokuwa ikihamia Tbilisi, akarudi na piano juu ya mkokoteni, majirani wakajaa barabarani, mmoja akamwuliza, "Melitoni, huyu sasa mnamkamulia wapi?", naye akajibu, "Ngojeni tu, atakamuliwa," kisha mlango ukaikataa piano, ikabidi ukuta ubomolewe, piano ikaingia, ukuta ukajengwa tena, na ndiyo maana mpaka leo haijatoka na haitatoka, mlioingia kumuaga marehemu mmeiona, imesimama ubavuni mwa jeneza kama ndugu wa tatu, na mwaka ule wote watoto wawili walikunywa chai bila maziwa, Lamara akiwa juu ya kiti anapiga, Bidzina amelala chini ya piano anasikiliza, na hapo ndipo babu yetu alipojifunza muziki wote anaoujua, yaani miisho, kwa sababu mwanzo wa kila kipande ulimkuta bado anatafuta mahali pa kulala, katikati alisinzia, lakini mwisho hakuukosa hata mara moja, maana mwisho ndio uliokuwa ukimruhusu kwenda kula.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya hapa Khoni mwaka 1948, mwaka 1951 akachukuliwa na shule ya muziki ya Kutaisi, na mwaka 1959 akaingia chuo cha juu cha muziki cha Tbilisi, akahitimu mwezi wa Juni 1964 kwa alama ambazo msomaji wenu huyu hajawahi kuziona kwa macho, akiwa chini ya mwalimu wake marehemu Bibi Agrafina, mama mkali aliyefundisha huku ameshika upepeo, na upepeo ule haukuwa wa joto, naye ndiye aliyempa Lamara ile sonata ya polepole ambayo wengi wenu mnaijua, ile inayoishia kwa noti moja nyembamba kabisa, juu kabisa, ambayo haikatwi bali inaachwa ife yenyewe, akamwambia, "Binti, kupiga noti hata paka anaweza, muziki uko pale noti inapokwisha, kabla mjinga wa kwanza hajapiga makofi," na maneno hayo yakamwingia Lamara kama mwiba, hayakutoka tena, tangu siku hiyo akataka kitu kimoja tu duniani, aipige sonata ile mbele ya watu wake, noti ya mwisho ife, kisha paje kimya, kimya kikamilifu, akisikie.

Sasa watu wa Tbilisi msinikasirikie mbele ya maiti, lakini nyinyi mnajijua, kwenu kila nyumba ina piano na kila shangazi amewahi kusoma muziki, kila mtu anajua kipande kinaishia wapi, na kwa kuwa wote mnajua, mtu hawezi kujulikana kwamba anajua asipokuwa wa kwanza kupiga kelele, kwa hiyo zikikaribia noti za mwisho ukumbi mzima hukaa kama golikipa anayengoja penalti, viganja vimeshainuliwa, na noti maskini haijagusa ardhi mmeshairukia, kimya kingetokea wapi?

Na bingwa wa wote hao hakutoka Tbilisi, alitoka Kutaisi, alikuwa mtangazaji wa treni wa stesheni, anaitwa Bidzina Dolidze, ambaye miaka yote ya kazi yake aliwaambia abiria treni ipi inaondoka na ya wapi bila kuhitaji kipaza sauti, na kwa kuwa watumishi wa reli walisafiri bure, hakuna onyesho la dada yake lililompita, na siku ya onyesho la kwanza kubwa, tarehe 3 Novemba 1965, marehemu akiwa amechukuliwa mwezi uliotangulia kuwa mpiga piano wa kikundi cha muziki cha taifa, aliipiga sonata yake, akafika kwenye ile noti nyembamba, akaigusa, na kabla hajainua kidole, kutoka safu ya nne, "Vaashaaa!", neno letu lile lile la kushangilia ambalo hata viziwi wa Tbilisi wanalijua, na ukumbi mzima ukalipuka nyuma yake.

Nyuma ya jukwaa Lamara alimkuta kaka yake amekumbatia maua, machozi yanamtiririka, akamwambia, "Kaka, ungengoja kidogo tu," naye akashangaa, "Ningoje nini na wewe umeshamaliza?", "Nilikuwa sijamaliza, nilikuwa nimenyamaza," "Kwani kunyamaza na kumaliza kuna tofauti gani?", "Ndiyo kazi yenyewe hiyo, Bidzina!", na Bidzina akafikiri, akasema, "Mimi treni ikiondoka natangaza, sikai nayo kimya kama mjane, halafu wewe ni dada yangu, nife mimi badala yako, wakupigie kelele wageni kabla yangu mimi?", maana "nife mimi badala yako" ndivyo tunavyomwambia huku kwetu mtu tunayempenda, na kwa hoja hiyo mazungumzo ya mwaka 1965 yakafungwa.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 22 Juni 1968 mjini Tbilisi na marehemu Shalva Kiknadze, daktari wa meno, mtu mpole, na wapo walioshangaa kwa nini binti aliyetamaniwa na wapiga fidla na maprofesa amemchagua mng'oa meno, lakini sababu yake aliisema mwenyewe bila aibu, kwamba mara ya kwanza alipomwona Shalva ilikuwa mwisho wa sonata, watu wote wamesimama wanapiga makofi, mtu mmoja tu amekaa ametulia, hakupiga hata kofi moja, Lamara akasema moyoni huyu ananielewa, na alipokuja kugundua kwamba Shalva alikuwa amelala ilikuwa ni baada ya harusi, na hakulalamika, akasema mume anayelala kwenye onyesho ni bora kuliko kaka asiyelala, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, Tsiala, aliyezaliwa mwaka 1969, na Guram, aliyezaliwa mwaka 1973, wote mnawaona hapa, na Shalva alitangulia mbele za haki mwaka 2004, usingizini, kama alivyopenda.

Mwaka 1971 katika onyesho la majira ya kuchipua marehemu alipiga kipande kingine kikubwa, ambacho karibu na mwisho kina shimo, yaani muziki unasimama ghafla kama umekwisha, kumbe haujaisha, na bwana mmoja mnene kutoka Batumi, ambaye hakuwahi kulala chini ya piano yoyote, akaruka juu akapiga kelele za furaha, na Babu Bidzina akageuka, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote, akanguruma kwa sauti ya stesheni, "Kaa chini wewe, bado!", na wote waliokuwapo wanakubaliana kwamba ile "bado" ilikuwa kubwa kuliko kelele za bwana yule, kuliko piano, na pengine kuliko Batumi, na Lamara pale juu, vidole hewani, akafunga macho akiomba ardhi impasukie, au impasukie mwingine.

Lakini lililouma ni la tarehe 18 Aprili 1979, pale walipokuja watu wa santuri na mashine zao kurekodi sonata ile ukumbini mbele ya watu, santuri pekee aliyopata kutoa maishani, na matangazo yakabandikwa mlangoni, wamama wanaopokea makoti wakamnong'oneza kila aliyeingia, na Bidzina akaambiwa na mkewe, na mama yake, na Shalva, akajibu kila mmoja, "Nimesikia, mimi si mtoto," na Mungu ni shahidi alijitahidi, akauma leso, lakini noti ile ilipoguswa leso iliruka, na santuri ikauzwa nchi nzima na nchi za mbali ikiwa na "Vaasha!" ya babu yetu juu ya mkia wa noti, safi kabisa, kila herufi unaisikia.

Dada yake angeweza kulisamehe hilo, lakini mwaka 1982, Lamara akiwa mmoja wa majaji wa mashindano ya vijana, alipanda jukwaani kijana mmoja mrefu wa Vilnius, akaipiga sonata ile vizuri ajabu, akafika mwisho, akagusa noti ile, akavuta pumzi, akapaza sauti mwenyewe pale pale kwenye kiti chake, "Vaasha!", kisha akainama kwa heshima, na alipoulizwa akasema amejifunza kutoka kwenye santuri ya Bibi Dolidze na alidhani ndivyo ilivyotungwa, mtungaji Mjerumani mwenyewe alishakufa zamani, hakuna wa kumwuliza, na Lamara akatoka ukumbini, akapiga simu stesheni ya Kutaisi, akasema, "Bidzina, usikanyage tena nilipo," akakata.

Miaka sita hawakusemezana, picha ya babu ikapewa wamama wa mlangoni, naye hakukata tamaa, alikuja amevaa miwani ya giza, akakamatwa, akaja na ndevu za kubandika, na Bibi Margo wa makoti, marehemu sasa, akamtazama tu, "Bidzina, mwanangu, mbuzi wa hizo ndevu amebaki na nini?", akamrudisha nje, lakini akampelekea kiti uani chini ya dirisha, na kutoka huko uani, majira ya joto madirisha yakiwa wazi, mnajua wenyewe kilichokuwa kikisikika mwisho wa kila onyesho.

Aliyewapatanisha ni mama yao Pelagia, kwa kufariki, tarehe 27 Septemba 1988, na katika chakula cha matanga, hapa hapa uani, kama mila yetu ilivyo, glasi hazigonganishwi, hakuna nyimbo, hakuna kelele, kila mtu anamkumbuka marehemu, anakunywa, anakaa, na Lamara alipomtazama kaka yake ng'ambo ya meza akamwona amekaa kimya kabisa tangu mchana, akashindwa kujizuia, akamwambia, "Kumbe unaweza kunyamaza!", naye akajibu bila kuinua macho, "Kwa maiti naweza," dada akasema, "Basi mimi mpaka nife ndipo nikipate kimya changu," wakatazamana, wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mezani kila mtu akajifanya hajaona.

Baridi ya mwaka 1993, ile ya vita na giza, umeme hakuna, mkate foleni, marehemu aliendelea kupiga katika ukumbi usio na moto, amevaa glavu alizozikata ncha za vidole, na watu wamekaa na makoti na glavu nzito, na alipomaliza sonata makofi yao yalikuwa pofu pofu pofu, kama mtu anakung'uta mito chumba cha jirani, kwa hiyo tunaweza kusema vita na baridi vilimsogeza karibu na ndoto yake kuliko mwalimu yeyote, ila mdomo wa Babu Bidzina haukuvaa glavu.

Alistaafu ufundishaji, maana miaka yote hiyo alikuwa pia akifundisha piano, mwaka 2011 lakini jukwaa hakuliacha, mwaka 2021 madaktari wakaukuta moyo wake umechoka, wakamkataza ngazi, chumvi na hasira, akaacha chumvi, na tarehe 12 Oktoba 2024 akafanya onyesho la kuaga, na safari hii Bidzina mwenyewe, wa miaka themanini na sita, alikwenda kwenye kaburi la mama yao akaapa kwamba hatafungua kinywa, na kwa kuwa alijijua, akajaza mdomo mkate wa mahindi pale ilipoanza sehemu ya mwisho, msomaji wenu alikuwa amekaa pembeni yake, ndiye aliyekuwa akimkatia vipande.

Noti ile ikaguswa, ikafa, na pakawa kimya, ndugu zangu, ukumbi mzima umeshika pumzi, hakuna aliyekuwa akimtazama mpiga piano, wote tulikuwa tunamtazama Babu, naye amefumba macho, ametulia tuli, na kimya kikaendelea, kile kile alichokitafuta miaka sitini, kinono, kizima, hakuna kikohozi, na Bibi Lamara amekaa mikono mapajani anakisikiliza, kisha tukaona uso wake unabadilika, akageuka pole pole, akatafuta safu ya kwanza, akainuka, akaja mpaka ukingo wa jukwaa ameshika moyo, akasema kwa sauti nyembamba kama noti yenyewe, "Kaka? Bidzina? Umekufa?", na Babu akafumbua macho, mdomo umejaa, akasema, "Nimeapa!", chembe za mkate zikaruka, na Bibi akapiga magoti pale pale na gauni lake la onyesho, akasema, "Sema basi, nife mimi badala yako, sema, sitaki tena!", na alilosema Babu mlilisikia hata mliokuwa Khoni.

Siku ile nyumbani kwa Tsiala, akila maharage yasiyo na chumvi, alituambia kwamba kimya kile kilikuwa kizuri kwa muda wa pumzi moja, baada ya hapo kilikuwa kama maharage haya, na kwamba alikuwa hasikii muziki wowote, alikuwa anasikiliza kama kaka yake anapumua.

Marehemu alilazwa hospitalini Tbilisi tarehe 29 Januari mwaka huu wa 2025, Babu akakaa kando ya kitanda chake akimtangazia treni za zamani kwa sauti ya chini, ya Zestaponi imefika, ya Batumi inachelewa, na hapo ndipo dada alipomwachia wosia, "Nikitoka nyumbani Khoni, utanishangilia," naye akakataa, "Kwa maiti sipigi kelele, si mila," "Mila ya nani?", "Ya mama," "Mama alinizaa kimya, Bidzina, ni wewe uliyenifanya nilie, sasa nitoke kimya kama mwizi?", na Babu akarudi kwenye treni zake, na marehemu akafariki dunia Alhamisi tarehe 6 Februari saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kaka yake, na tangu saa hiyo Babu Bidzina, aliyesema maisha yake yote kwamba afe yeye badala yake, hajatoa neno, tumemsihi, amenyamaza, Baba Padri amesema haijaandikwa popote kwamba ni dhambi, amenyamaza, nasi tukaogopa kwamba wosia wa Bibi utazikwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia matangazo ya treni wodini, inawashukuru majirani wa Khoni kwa hema, kuni, mvinyo na matope yao, inawashukuru wenzake wa kikundi cha taifa na wanafunzi wake, na wamama wote wa mlangoni, na yule kijana wa Vilnius, mzee sasa, aliyetuma maua, na kadi yenye neno moja tu ambalo sitalisoma kwa sababu si langu kulisoma.

Mtaniwia radhi kwa moja la mwisho, wabebaji mnaposimama, jeneza litapita mlango ule ule ulioikataa piano, na tunawaomba kitu kigumu hasa nyinyi wa Tbilisi, mtu asiwahi, mtu asijionyeshe kwamba anajua mwisho uko wapi, viganja chini, tumpe kwanza Bibi kile kimya chake kwa muda wa pumzi moja tu, zaidi ya hapo hakitaki, kisha mwachieni mwenyewe, kwa maana leo asubuhi Babu Bidzina ametoka chumbani amenyoa ndevu, hakusema neno, lakini amevaa kofia yake ya stesheni, mnaiona, na aliyewahi kupanda treni Kutaisi anajua kwamba kofia ile haivaliwi bure.

Bibi Lamara, pumzika kwa amani. Babu, inaondoka.